Maziwa ya Lanarkshire: Wingi wa Hesabu na Uzito wa Ushahidi

Watu wengi huheshimu hesabu kubwa kama wanavyoheshimu mvi. Mtu akisimama mbele ya baraza akasema kwamba neno lake limethibitishwa kwa watu 20,000, wasikilizaji hutikisa vichwa kwa kukubali, na yule aliyekuwa na swali huona haya kuliuliza. Mwingine akisema kwamba amejaribu jambo lake kwa watu 20 tu, huchekwa kabla hajamaliza maneno yake. Heshima hii ina sababu, lakini haina mipaka. Na heshima isiyo na mipaka ni mlango wa kudanganyika. Katika insha hii nakusudia kuhakiki utafiti mmoja mashuhuri, uliofanywa Uskoti mwaka 1930, ili tuone jinsi hesabu kubwa inavyoweza kushindwa kubeba dai lililowekwa juu yake, na jinsi hesabu ndogo nayo inavyoweza kushindwa kwa njia nyingine.

Pengine msomaji kijana atauliza: uhakiki una kazi gani na jambo la namna hii? Je, uhakiki si wa mashairi, tamthilia na riwaya? Najibu kwamba ripoti ya utafiti nayo ni maandishi. Ina msemaji, ina dai, ina ushahidi, na ina msomaji ambaye anatakiwa asadiki. Maadamu anatakiwa asadiki, ana haki ya kupima. Tena kosa la mshairi huharibu shairi lake, bali kosa la mtafiti huweza kumnyima mtoto chakula au kumnywesha mgonjwa dawa isiyomfaa.

Lanarkshire ni wilaya ya Uskoti iliyokuwa na migodi ya makaa ya mawe na viwanda vya chuma. Katika majira ya baridi ya mwaka 1930, Idara ya Afya ya Uskoti ilianza huko jaribio la kujua kama maziwa yanayotolewa shuleni huwasaidia watoto kukua. Shule 67 zilishiriki, nao watoto walikuwa kadiri ya 20,000, wenye umri wa miaka 5 hadi 12. Watoto 10,000 walipewa robo tatu za painti ya maziwa kila siku ya shule, yaani kadiri ya mililita 426. Katika hao, 5,000 walikunywa maziwa mabichi, na 5,000 walikunywa maziwa yaliyopashwa moto ili kuua vijidudu. Watoto 10,000 waliobaki hawakupewa kitu. Hao ndio waliokuwa kundi la kulinganisha. Wote walipimwa uzito na kimo mwezi wa Februari, wakapimwa tena mwezi wa Juni. Mwaka huohuo ripoti ilitolewa na Gerald Leighton na Peter McKinlay. Walisema kwamba maziwa yameongeza kimo na uzito wa watoto, na kwamba maziwa mabichi na yale yaliyopashwa moto hayakutofautiana katika kuwakuza watoto.

Uhakiki wa haki huanza na sifa. Waliopanga jaribio hili hawakuwa wavivu wala wajinga. Walijua kwamba mtoto hukua hata asiponywa maziwa ya shule, kwa hiyo haitoshi kumpima mnywaji peke yake na kushangilia kwamba ameongezeka. Lazima alinganishwe na asiyekunywa. Walijua pia kwamba watoto hawakui kwa mwendo mmoja: huyu huruka kama mhindi wakati wa mvua, na yule hukawia mpaka wazazi wakaingiwa na wasiwasi. Wakaona kwamba kwa kuchukua watoto wengi, haraka ya huyu na ukawiaji wa yule vitafutana, na faida ya maziwa, kama ipo, itabaki wazi. Wazo hili ni sahihi. Linastahili kuelezwa kwa ukamilifu kabla hatujaonyesha mahali lilipoishia.

Tuchukue mfano wa shilingi. Tuseme mtu ameiharibu shilingi kwa hila, hata kila irushwapo mara 10 huangukia upande wa ngao, kwa wastani, mara 7. Wewe hujui siri hiyo, na unataka kupima kama shilingi ni ya haki. Unairusha mara 10, nawe umejiwekea sheria kwamba utaishtaki ikiwa tu ngao itatokea mara 8 au zaidi. Sheria hii ni ya busara, kwa sababu hata shilingi ya haki huweza kufika 8 au kupita kwa bahati tu, lakini haifanyi hivyo ila mara 5 au 6 hivi katika majaribio 100 ya namna hiyo. Sasa jiulize: shilingi iliyoharibiwa itanaswa mara ngapi? Hesabu inajibu kwamba itanaswa mara 38 tu katika 100. Mara 62 itapita mbele yako salama, nawe utaandika kwamba hukuona ubaya wowote.

Sasa ongeza bidii. Irushe mara 50, na sheria yako iwe kuishtaki ngao ikitokea mara 32 au zaidi. Shilingi ya haki itaonewa mara 3 hivi katika 100. Na ile iliyoharibiwa itanaswa mara 86 katika 100. Shilingi ni ileile, na hila ni ileile. Kilichobadilika ni idadi ya mirusho, na kwa kubadilika hiyo jaribio limepata macho ambayo mwanzoni halikuwa nayo. Mwanafunzi mwenye subira na kalamu anaweza kuzihakikisha hesabu hizi mwenyewe.

Hapo tumekutana na makosa mawili ambayo kila mtafiti hutembea baina yake, kama mtu apitaye njia nyembamba kati ya mto na mwamba. Kosa la kwanza ni kumshtaki asiye na hatia, yaani kusema kuna tofauti ilhali ni bahati tu. Kosa la pili ni kumwachilia mwenye hatia, yaani kusema hakuna tofauti ilhali ipo. Uwezo wa jaribio kuiona tofauti iliyopo kweli huitwa nguvu ya utafiti. Jaribio letu la kwanza lilikuwa na nguvu ya 38 katika 100, na la pili lilikuwa na nguvu ya 86 katika 100. Watafiti wengi hutaka nguvu isiyopungua 80 katika 100 kabla hawajaanza kazi. Fikra hii iliwekwa katika hesabu kamili na Jerzy Neyman na Egon Pearson, na maandishi yao mashuhuri juu yake yalitokea mwaka 1933.

Mvuvi wa Ziwa Viktoria anayelijua jambo hili kwa nyavu zake hahitaji kufundishwa kwa vitabu. Akitupa wavu wa sangara, wenye matundu mapana, akaurudisha bila dagaa hata mmoja, hasemi kwamba ziwani hakuna dagaa. Anajua kwamba wavu huo haukufumwa kwa kazi hiyo. Utafiti mdogo ni wavu wa matundu mapana: hushika tofauti kubwa, na ndogo zote hupita. Mtafiti anayetaka kujua idadi ya watu wa kuchukua lazima kwanza aseme anavua samaki wa ukubwa gani.

Kuna kanuni fupi ambayo wataalamu huitumia kwa kukadiria. Chukua mtawanyiko wa kipimo chako, yaani kadiri ambavyo watu kwa kawaida hutofautiana na wastani wao. Ugawanye kwa tofauti ndogo kabisa ambayo hutaki ikupite. Jawabu lizidishe kwa lenyewe, kisha uzidishe kwa 16. Utapata idadi ya watu wanaohitajika katika kila kundi ili nguvu ikaribie 80 katika 100, na hatari ya kumshtaki asiye na hatia isizidi 5 katika 100. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba ongezeko la uzito wa watoto katika miezi minne lina mtawanyiko wa gramu 800. Ukitaka kuona tofauti ya gramu 400, utahitaji watoto 64 katika kila kundi. Ukitaka kuona gramu 200, watoto 256. Ukitaka kuona gramu 100, watoto 1,024. Angalia jinsi bei inavyopanda: kila tofauti inapopungua kwa nusu, watoto wanaohitajika huwa mara nne. Ndiyo maana mtu hawezi kuuliza, “Watu wangapi wanatosha?” akanyamaza hapo. Sharti aulize, “Wanatosha kuona nini?”

Kwa kanuni hiyohiyo, na kwa mtawanyiko huohuo tulioukisia, watoto 10,000 katika kila kundi wangeweza kuonyesha tofauti ya gramu 32, ambayo haifiki uzito wa yai moja la kuku. Kwa upande wa idadi, basi, Lanarkshire hakukuwa na upungufu. Kama wingi peke yake ungekuwa ushahidi, neno lingekwisha hapo. Lakini halikwisha.

Mwaka 1931, katika jarida la takwimu liitwalo Biometrika, ulitokea uhakiki wa jaribio hili uliotiwa sahihi kwa jina la “Student,” yaani mwanafunzi. Mwenye jina hilo hakuwa kijana wa shule. Alikuwa William Sealy Gosset, aliyezaliwa mwaka 1876, ambaye tangu mwaka 1899 alifanya kazi katika kiwanda cha bia cha Guinness huko Dublin. Kiwanda hakikuwaruhusu watumishi wake kutangaza kazi zao kwa majina yao wenyewe, naye akachagua jina hilo la unyenyekevu. Kazi yake ya shayiri na hopsi ilimlazimisha kutoa hukumu kwa vipimo vichache, na mwaka 1908 alikuwa ameandika makala iliyowafundisha watu jinsi ya kupima wastani wa hesabu ndogo. Tena ni barua yake ya mwaka 1926 iliyomzindua Egon Pearson juu ya fikra ambazo baadaye zilizaa nguvu ya utafiti. Mtu aliyejua thamani ya vipimo vichache ndiye aliyekuja kupima thamani ya vipimo vingi.

Jambo la kwanza aliloligusa ni namna watoto walivyogawanywa. Katika kila shule watoto walichaguliwa kwa kura au kwa mfuatano wa majina. Hadi hapo hapana neno. Lakini ruhusa ilitolewa kwamba, mahali ambapo kundi limepata watoto wengi mno walioshiba au wengi mno wenye lishe duni, wengine waingizwe badala yao ili makundi yasawazike. Kusudi lilikuwa usawa, na matokeo yakawa kinyume chake. Vipimo vya Februari, kabla mtoto yeyote hajaonja tone, vilionyesha kwamba watoto wasiopewa maziwa walikuwa wakubwa kuliko waliopewa: walizidi kwa uzito kadiri ya ukuaji wa miezi mitatu, na kwa kimo kadiri ya ukuaji wa miezi minne. Bahati haiwezi kufanya hivyo kwa watoto elfu kumi na elfu kumi. Mkono wa mtu ulikuwamo.

Mkono wa nani? Gosset alikisia kwamba walimu, bila ya kukusudia ubaya, waliwaelekeza watoto maskini na dhaifu kwenye kikombe cha maziwa. Hapa uhakiki unaingia mahali pagumu, nami kwa kuwa ni mwalimu siwezi kupita haraka. Mwalimu amesimama mbele ya darasa lenye watoto wawili: mmoja ameshiba, na mwingine amekuja na tumbo tupu. Karatasi ya kura inasema aliyeshiba apewe maziwa. Ni mwalimu gani mwenye moyo wa nyama ambaye mkono wake hautatetemeka? Siwezi kumwita mwalimu huyo mkosa. Lakini siwezi pia kuficha kwamba huruma yake, ikirudiwa katika shule 67, ililifanya jaribio lisiweze kusema kwa hakika kama maziwa yanawafaa watoto wa namna yake. Mtoto mmoja alishiba siku ile, na neno ambalo lingeweza kuwashibisha wengi kwa miaka mingi likatiwa shaka. Huruma haikuwa adui wa ukweli. Ilikosa kutengewa mahali pake. Wapangaji walipaswa kusema tangu mwanzo kwamba watoto wanaodhoofika wataandaliwa maziwa yao nje ya jaribio, na kwamba waliobaki watagawanywa kwa kura isiyoguswa na mtu. Kumwachia mwalimu maskini achague kati ya mtoto na kura kulikuwa kumtwika mzigo usio wake.

Mpishi hulijua jambo hili. Haonji sufuria nzima ili ajue kama mchuzi umekolea chumvi. Huonja kijiko kimoja, lakini kwanza hukoroga. Asipokoroga, hata akinywa nusu ya sufuria atakuwa amejua habari za juu tu. Kura ndiyo mwiko wa mtafiti. Lanarkshire walichota bakuli kubwa sana, bali katikati ya kukoroga waliuondoa mwiko.

Jambo la pili ni nguo. Watoto walipimwa wakiwa wamevaa nguo zao za ndani ya nyumba, bila viatu. Februari huko ni baridi kali, na Juni ni joto. Mtoto wa nyumba yenye uwezo huvaa sufu nzito wakati wa baridi na nguo nyepesi wakati wa joto. Hivyo mwezi wa Juni mizani humwonyesha amepungukiwa na uzito wa nguo alizoziacha. Mtoto maskini, mwenye vazi moja la mwaka mzima, hapungukiwi na kitu. Basi ikiwa maskini wengi wamo katika kundi la maziwa, kundi hilo litaonekana limenenepa zaidi hata kama maziwa hayakufanya kazi yoyote. Kumbuka zile gramu 32. Jaribio lilikuwa na watoto wa kutosha kuona tofauti isiyofika uzito wa yai, na wakati huohuo mizani ilikuwa ikipima sweta. Kuongeza watoto wengine 20,000 kusingelivua hata sweta moja. Hapa ndipo penye fundisho kuu: wingi hupunguza kosa la bahati, lakini haupunguzi kosa la upendeleo. Kinyume chake, hulitia kosa hilo taji, likaonekana kuwa hakika.

Jambo la tatu ni lile dai la kwamba maziwa mabichi na yaliyopashwa moto yalikuwa sawa. Shule iliyopewa maziwa mabichi haikupewa yale mengine, na iliyopewa yale mengine haikupewa mabichi. Kwa hiyo waliolinganishwa si watoto 5,000 na watoto 5,000. Kwa hakika ni kikundi cha shule na kikundi cha shule. Watoto wa shule moja hufanana: wazazi wao huchimba mgodi mmoja, hununua katika duka moja, na kupimwa na mtu mmoja kwa mizani moja. Mtoto wa arobaini wa darasa hatuletei habari mpya kama alivyotuletea wa kwanza. Tukichukua mfano wa kufanana kudogo tu, ambako sehemu 5 katika 100 za mtawanyiko wote zatokana na tofauti za shule na shule, watoto 40 wa darasa moja hutoa habari sawa na watoto 14 waliotoka mahali mbalimbali. Ripoti ilihesabu vichwa, ilhali ilipaswa kuhesabu shule. R. A. Fisher na S. Bartlett nao walizipima tena hesabu hizo mwaka 1931, wakapinga dai hilo la usawa.

Gosset hakubomoa akaondoka. Alisema kwamba jaribio likirudiwa kwa ukubwa ule, watoto wapangwe wawili wawili, wa jinsi moja, umri mmoja, na wanaokaribiana kwa kimo, uzito na hali ya mwili. Kisha shilingi irushwe ili iamue nani kati yao anywe. Halafu akatoa shauri la kushangaza zaidi: wachukuliwe mapacha wanaofanana kabisa, mmoja apewe maziwa na mwenzake asipewe. Kwa maoni yake, jozi 50 za mapacha hao zingetoa ushahidi wa kuaminika kuliko watoto 20,000, kwa gharama ya 1 au 2 tu katika kila 100 za fedha zilizotumika. Sababu yake msomaji ameishaipata katika kanuni yetu. Idadi inayohitajika hutegemea mtawanyiko. Na mapacha waliozaliwa siku moja, wanaolala nyumba moja na kula sahani moja, mtawanyiko baina yao ni mdogo mno. Mtafiti ana njia mbili za kuongeza nguvu: kuongeza watu, au kupunguza kelele. Lanarkshire walifuata ile ya kwanza peke yake, nayo ndiyo ya gharama kubwa.

Hata hivyo mhakiki naye hahakikiwi? Gosset alikuwa na haki katika makosa aliyoyaonyesha, lakini shauri lake la mapacha halikosi kasoro. Mapacha wa namna hiyo ni haba, kadiri ya jozi moja katika kila uzazi 250 au 300, na kuwakusanya kunataka safari nyingi. Tena mapacha ni wagumu kutenganishwa katika kikombe: ni nani atakayehakikisha kwamba aliyepewa hakumwachia nduguye nusu yake? Na ile huruma tuliyoiona kwa mwalimu, haitakuwa kali zaidi kwa mama aliye na watoto wawili walio sawa? Mwisho, wizara inayotaka kuwapa maziwa watoto wote wa nchi inataka kujua pia mambo ambayo mapacha 100 hawawezi kusema: kama maziwa yatafika shule za mbali, kama yataharibika njiani, kama walimu watapata nafasi ya kuyagawa. Shauri lake la kwanza, la jozi na shilingi, ndilo ninaloliona bora, kwa sababu lilihifadhi watoto wa kawaida likaondoa upendeleo.

Nimesema juu ya hesabu kubwa iliyopotoka. Ingekuwa dhuluma kumwacha msomaji aondoke akidhani kwamba hesabu ndogo ni salama. Mwaka 1962 Jacob Cohen wa Marekani alizipima tafiti 70 zilizochapishwa katika jarida moja la elimu ya nafsi mwaka 1960. Aliona kwamba kwa tofauti za ukubwa wa kati, nguvu yao kwa wastani ilikuwa 48 katika 100. Maana yake ni kwamba mtafiti aliyefanya kazi mwaka mzima kutafuta jambo lililokuwapo kweli hakuwa na tumaini kubwa kuliko mtu aliyerusha shilingi. Mwaka 1978 madaktari wakiongozwa na Jennie Freiman walizitazama tafiti 71 za matibabu ambazo zilikuwa zimetangaza kwamba hakuna tofauti kati ya dawa mpya na ile ya kulinganishwa nayo. Walikuta kwamba 50 katika hizo zingeweza kuikosa hata nafuu ya nusu nzima. Fikiri neno hilo. Dawa ambayo huenda ingepunguza madhara kwa nusu iliweza kuandikwa kuwa haifai, si kwa kuwa haifai, bali kwa kuwa wavu ulikuwa na matundu mapana. Tena wagonjwa waliojitoa mhanga kwa tafiti hizo walitumiwa bure. Walitoa damu yao, na elimu haikupata kitu.

Mambo haya hayako mbali nasi. Mwaka 1979 Rais Daniel arap Moi alianzisha mpango wa kuwapa maziwa watoto wa shule za msingi za Kenya, na wazee wetu wengi wanayakumbuka bado kwa jina la maziwa ya Nyayo. Wema unaotolewa kwa wote kwa pamoja ni wema, lakini hauachi kundi la kulinganisha, na baadaye ni vigumu kusema umeongeza nini. Kati ya mwaka 1998 na 2000 ulifanyika huko Embu utafiti uliojaribu kuuliza swali kwa utaratibu. Shule 12 ziligawanywa kwa kura katika makundi manne. Watoto wa kundi moja walipewa githeri iliyotiwa mafuta, wa pili githeri yenye nyama, wa tatu githeri pamoja na maziwa, na wa nne hawakupewa chakula. Familia zao zilipewa mbuzi. Watoto zaidi ya 500 walipimwa. Waliokula nyama waliendelea zaidi kuliko wenzao katika mtihani wa kufikiri kwa kutumia michoro. Wanywaji wa maziwa hawakuwashinda wasiopewa kitu katika mtihani huo.

Tuupime utafiti huu kwa mizani ileile. Kura ilitumika, na hii ni hatua kubwa mbele ya Lanarkshire. Yule mbuzi naye asidharauliwe, kwa maana ni jibu la heshima kwa swali la huruma lililowashinda walimu wa Uskoti: asiyepata kikombe hakuachwa mikono mitupu, na kura haikuguswa. Lakini shule 12 katika makundi manne ni shule 3 katika kila kundi. Mwalimu mmoja hodari katika shule moja, au mvua iliyokosa kunyesha upande mmoja wa wilaya, huweza kuinua au kushusha theluthi ya kundi. Kwa hiyo habari ya nyama ni ya kutia moyo na yastahili kurudiwa kwa shule nyingi zaidi. Na habari ya maziwa isisomwe kwamba maziwa hayana faida kwa akili, bali kwamba wavu huu, kwa matundu uliokuwa nayo, haukuiona.

Lugha yetu ina methali isemayo kwamba samaki mmoja akioza huoza wote. Katika kapu la samaki maneno hayo ni kweli, maana uozo huambukiza. Lakini tumezoea kuitumia vibaya, tukimhukumu mtu mmoja na kabila lake lote, au mwanafunzi mmoja na shule yake yote. Hiyo ni sampuli ya mtu mmoja, na nguvu yake ni upuuzi. Kwa upande mwingine tumezoea kusema kwamba penye wengi hapaharibiki neno. Na Lanarkshire walikuwapo wengi, na neno likaharibika.

Basi, ewe kijana utakayesoma kesho katika gazeti kwamba utafiti umethibitisha hili au umekanusha lile, usiinamishe kichwa kwa sababu ya hesabu, wala usicheke kwa sababu ya uchache. Uliza jinsi watu walivyochaguliwa, na kama palikuwa na mkono uliowahamisha. Uliza waliohesabiwa kwa kweli ni nani: watoto, madarasa, au shule. Uliza mizani ilipima nini pamoja na kile kilichotajwa. Uliza tofauti ndogo kabisa ambayo jaribio lilikuwa na uwezo wa kuiona, na kama tofauti iliyo ndogo kuliko hiyo ingemfaa mtu. Na wakikuambia kwamba hawakuona kitu, uliza kwanza juu ya wavu, kabla hujakubali habari za ziwa.